Siku Mama Alipovaa Viatu

Alhamisi hiyo Renae Tillotson alivaa viatu. Mtu mzima kuvaa viatu si habari, lakini katika nyumba ile ilikuwa habari kubwa kiasi kwamba mtoto wake wa mwisho, Hadassah, mwenye miaka sita, alisimama mlangoni akaangalia kamba zinavyofungwa, ya kulia kisha ya kushoto.

"Unatazama nini?" Renae alimuuliza.

"Hamna kitu," Hadassah alisema, akakimbilia jikoni.

Tangu Sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa kumi na moja, ile Wamarekani wanayokula bata mzinga, Renae alikuwa mtu wa soksi. Sasa ilikuwa Machi. Aliamka saa nne, akakaa kwenye kochi na blanketi, akatazama theluji ya Nebraska ikianguka, na ilipokwisha kuanguka akatazama ilivyolala. Hakuwa na huzuni. Huzuni angeitambua; alishamzika mama yake na kulia alikujua. Hii ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila imepanda mpaka kifuani. Akiomba, maneno yanatoka. Akiwabusu watoto, midomo inagusa. Inaishia hapo.

Afadhali angefiwa. Watu wa kanisa lao ni hodari kwa majanga. Ukijifungua, ukivunjika mguu, ukizika, karatasi ya zamu inazungushwa, na wiki mbili nzima hukosi bakuli la tambi na kuku wa kuoka mlangoni. Lakini nani ataandika zamu ya mwanamke ambaye hakuna kinachomuuma?

Na nyumba hiyo ndiyo ilikuwa shule. Kwa miaka saba, tangu Tirzah, binti yake wa kwanza, Renae aliwafundisha watoto wake kwenye meza ya jikoni, Biblia kwanza, hesabu baadaye, na alisifika kwa hilo. Sasa mwalimu alikuwa Tirzah mwenyewe, mwenye miaka kumi na miwili. Tirzah alisoma zaburi ya asubuhi, akampa Ezra wa miaka tisa hesabu zake, akamshika Hadassah mkono kwenye herufi, kisha akafungua kitabu cha majibu, kile cha mwalimu, akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo akafanya kazi zake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Ilianza siku moja, ikaendelea, na mama yake akaiacha iendelee. Aibu ya jambo hilo Renae aliijua kichwani, moyoni haikufika.

Baba yao, Wade, alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na majira ya baridi fundi wa namna hiyo haonekani kwake. Alitoka alfajiri, akarudi giza limeingia, akafungua daftari, akaona alama nyekundu, akasema, "Safi sana, mwalimu na wanafunzi," akaoga, akalala. Mwezi wa nane, shule zilipokuwa zikifunguliwa, alikuwa amemwambia mkewe kwa upole wake wote, "Ukiona imekushinda, basi la njano la shule linapita hapo barabarani. Hakuna atakayekulaumu." Maneno matamu, lakini ya mtu asiyemjua mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa na "si nilisema" yake tayari tangu miaka saba iliyopita, anatafuta tu pa kuitua. Kwa hiyo Renae alitaka kitu kimoja tu duniani: hali yake isijulikane.

Ndiyo maana alikubali kuwahutubia wenzake. Colleen Voss, kiongozi wa akina mama wanaofundisha nyumbani, waliokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, alimpigia simu. Tangu mwezi wa kumi na moja Renae alikuwa akisingizia mafua: Jumapili watoto walikwenda kanisani na baba yao, Alhamisi hawakwenda popote.

"Mpenzi, Machi inatumaliza. Watu wamechoka mpaka wanasinzia kwenye sala. Njoo utuambie unavyowatia watoto wako ari. Ile yako ya nyota."

Kukataa kungehitaji sababu nyingine. Kukubali kulihitaji neno moja.

Ile ya nyota ilikuwa chati ya ukutani jikoni. Kila mtoto na mstari wake, na nyota ya dhahabu ya kubandika kwa kila tabia njema: kuamka bila kuitwa, kukariri aya, kutonuna. Nyota kumi, zawadi. Nusu ya nyumba za kikundi kile zilikuwa na chati kama hiyo, na zote zilimwiga Renae.

Ukumbini watoto waliketi duara kwenye zulia, mama zao wamesimama nyuma na vikombe vya kahawa. Kila Alhamisi ilianza hivyo: kila mtoto anasema ombi lake au shukrani yake, kisha Colleen anayaombea yote. Wakubwa walilipenda duara hilo na kuliogopa, maana mtoto haulizi kwanza nyumbani. Hapo ndipo walipojua kwamba Bwana Pruitt amefukuzwa kazi, na mkewe naye akajulia hapohapo.

"Kuku wetu mmoja ana jicho baya," alisema wa kwanza.

"Goti la bibi."

"Theluji iishe, niendeshe baiskeli," alisema Ezra.

Ikafika zamu ya Hadassah. "Mimi sina ombi, Bi Colleen, nina shukrani. Namshukuru Yesu kwa sababu leo Mama amevaa viatu."

Watu wakacheka, na Colleen naye. "Viatu vipya?"

"Hapana, vya zamani. Ila huwa havai. Huwa analala kwenye kochi, Tirzah ndiye mwalimu. Leo amevaa vyote viwili."

Kicheko kikakatika. Tirzah aliiva wekundu shingo mpaka masikio. Akina mama wote, bila hata mmoja kutaka, walitazama miguu ya Renae. Na yeye aliitazama. Vilikuwa viatu vya kahawia, na mstari mweupe wa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kile alichokificha miezi minne kilikuwa kimelala pale katikati ya zulia, na alichowaza ni kwamba viatu vinahitaji kusuguliwa.

Colleen aliomba haraka, kwa ajili ya kuku, goti, theluji na viatu. Amina. Watoto wakapanda juu madarasani.

Mtu angedhani hapo Renae angeangua kilio, au angechukua mkoba wake akaondoka. Wapi. Alitoa kadi zake za hotuba, za miaka mitatu iliyopita, akahutubia. Mdomo uliijua njia. Alisema mtoto haendeshwi kwa kelele, asifiwe kwa jambo dogo, na sifa itolewe siku hiyohiyo kabla haijapoa. Palipoandikwa "wacheke kidogo" alinyamaza, hakuna aliyecheka, akaendelea. Wawili watatu waliandika, pengine ili wapate pa kuweka macho.

"Maswali?" Colleen aliuliza.

Mama mmoja kijana, Kenna, mwenye mtoto mchanga begani, aliinua mkono. "Na siku ambazo wewe mwenyewe huna ari, unafanyaje?"

Renae alitazama kadi. Hilo halikuwemo. "Sijui," alisema, akakaa. Katika dakika ishirini zile ndilo neno pekee alilolisema yeye. Mengine yote yalisema mazoea.

Wakati wa kuondoka Colleen alimshika bega. "Nikupigie kesho?"

"Tuko salama."

"Sijauliza hivyo, mpenzi."

Ndani ya gari vita vilianza kabla ya kona ya kwanza.

"Nilikwambia usiseme," Tirzah alifoka. "Nilikwambia mara mia."

"Hukuniambia nisishukuru," alisema Hadassah.

"Kweli, hukumwambia," Ezra alidakia.

"Wewe nyamaza, hata kugawanya hujui."

"Si wewe uliyenifundisha?"

Renae aliendesha. Siku nyingine angewatenganisha, au angecheka kisirisiri, maana Ezra alikuwa amempata dada yake barabara. Aliona tu kwamba taa ni nyekundu, akasimama.

Walipofika, Hadassah alivuta kiti bila kuvua koti, akapanda mpaka kwenye chati, akabandika nyota. Renae alisogea. Chini ya mistari mitatu ya watoto palikuwa na wa nne, umechorwa kwa rangi ya zambarau, herufi zimelala upande: MAMA. Na hii ya leo, nyota zilikuwa nne. Kila siku alipita hapo kuchemsha kahawa, na hakuwahi kuuona.

"Hizi za nini?"

"Za viatu," Hadassah alisema. "Ya Krismasi, ya siku ya daktari wa meno, ya siku Bibi alipokuja. Na leo."

"Zikifika kumi napata nini?"

"Ezra alitaka aiskrimu. Tirzah akasema tusihangaike kuchagua, kwa sababu hutafika."

Tirzah alikuwa kando ya meza, amekumbatia kitabu cha majibu. "Sikusema kwa ubaya," alisema.

"Najua."

Renae alisubiri iume. Maneno kama yale, kutoka kwa mtoto kama yule, lazima yaume. Alijipa muda, kama mtu aliyejigonga kidole na anangoja. Hayakuuma. Hapo ndipo alipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja, hofu ndogo ya mbali, kama ya kusikia mtu anagonga mlango wa jirani. Akachukua simu kabla hofu hiyo haijaondoka.

"Renae?" Nyuma ya sauti ya Wade mtambo ulinguruma. "Kuna aliyeumia?"

"Hapana. Wade, mimi sifundishi. Tangu mwezi wa kumi na moja. Anayefundisha ni Tirzah, na kusahihisha ni yeye. Ameniambia jambo sasa hivi la kumtoa mama machozi, na mimi nimesimama hapa kama kabati. Sihisi kitu. Nataka daktari. Na watoto wanataka mwalimu, hata kama ni wa kwenye lile basi."

Mtambo ulizimwa.

"Nafunga vifaa," alisema. "Nipe dakika arobaini."

"Mama yako atasema..."

"Mama yangu mwache aseme."

Renae alikata simu, akamnyooshea Tirzah mkono. "Nipe hicho kitabu."

"Kesho utakuwa umechoka tena."

"Pengine. Nipe hata hivyo."

Tirzah alikiangalia kitabu, akakiangalia tena, kisha akakiweka mezani, kalamu nyekundu juu yake. Akatoka mlango wa nyuma bila koti. Kupitia dirishani Renae alimwona amekaa kwenye ngazi, na baada ya muda akaanza kulia, mdomo wazi, kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu akiwa na umri wa Hadassah.

Renae alijua mama anapaswa kuhisi nini mbele ya kilio hicho. Alingoja, hisia hiyo haikuja. Uani theluji ilikuwa imegeuka tope. Akatazama miguu yake. Viatu vilikuwa bado vimefungwa, basi akachukua koti la mtoto, akatoka.