Mstari wa Kijani wa Madam Advera

Naandika haya nikiwa na akili timamu, tumbo lina maharage ya bweni, na roho haijui kama imekosa mara moja au mara mbili.

Madam Advera, mwalimu wetu wa fizikia hapa Tabora, aliokota oskiloskopu kwenye marundo ya chuma chakavu kule Gongoni. Ni sanduku zito la enzi za babu, lenye kioo cha duara ambamo umeme huchora mstari wa kijani. Likizo nzima alilisugua kwa mswaki, akabadilisha kapasita zilizovimba, akaweka alama za rangi ya kucha kuonyesha kila kifundo cha kuzungusha kielekee wapi. Mkuu wa shule alimpa hadi Ijumaa: mashine ifanye kazi, la sivyo irudi ilikotoka.

Jumatatu, kwa ajili ya maendeleo ya sayansi, nililegeza skrubu ya kifundo kinachopandisha na kushusha mstari, nikakigeuza robo kwenda kulia, nikakaza. Basi. Sasa ukikiweka kwenye alama yake, mstari unazama chini ya kioo.

Jumanne mstari haukuonekana. Nilitarajia dakika tano za kicheko. Badala yake Madam akafungua sanduku lote, akaanza kupima waya mmoja mmoja, na akaniteua mimi, eti nina mikono mitulivu, nimshikie tochi. Siku mbili! Aliongea na mashine kama wafuga nyuki wa kwao Sikonge wanavyoongea na mizinga: "Sema basi, mama. Unaumwa wapi?"

"Utazeeka na hiyo tochi," Anton, jirani yangu wa kitanda, alinicheka. "Si umwambie?"

"Nisimamishwe shule?"

"Basi karudishe kimyakimya, bwege wewe."

Alhamisi asubuhi, wenzangu wakiwa paredi, niliingia maabara. Sikuiwasha mashine, maana hunguruma ikasikika hadi ofisini. Nililegeza skrubu, nikarudisha robo kwenda kushoto, nikatoka nimetakasika kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Kipindi cha tatu Madam akaiwasha. Mstari hakuna.

Nilichanganyikiwa. Yeye alichanganyikiwa zaidi.

"Haiwezekani," alisema. "Jana jioni niligundua shida ni kifundo tu. Nikakirekebisha, nikakaza skrubu kwa mkono wangu, mstari ukakaa katikati." Akakizungusha taratibu, na mstari ukateremka kutoka juu. "Na tazama maajabu. Juzi ulizama chini, leo umepaa juu!"

Ilinichukua muda. Jana alirekebisha. Leo mimi nimerekebisha kilichokwisha kurekebishwa. Kwa hiyo nimeharibu mara ya pili, safari hii kwa nia njema, na sheria za shule hazisemi nia njema inapunguza fimbo ngapi.

Madam alikaa kwenye stuli kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Kifundo hakihami chenyewe. Ndani kumeoza. Siwezi kuwapa watoto kipimo kinachodanganya." Akavuta karatasi, akaanza kumwandikia mkuu wa shule kwamba mashine iondolewe.

"Madam."

"Nyamaza, Benjamini, naandika."

"Madam, kipimo hakidanganyi. Anayedanganya ni mimi."

Peni ikasimama. Nikamweleza yote, nikitazama viatu vyangu. Nilisubiri radi. Yeye akauliza:

"Uligeuza upande gani?"

"Jumatatu kulia. Leo kushoto."

"Kiasi gani?"

"Robo, Madam. Mara zote mbili."

Akafumba macho, akahesabu hewani kwa kidole: kulia, kushoto. Kisha, na hili sijalielewa hadi leo, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe mzima! Mama yangu, kumbe uko mzima!"

Alikuwa anaiambia mashine. Mimi aliniambia nitafagia maabara mpaka nimalize kidato cha nne. Akaichana ile barua.

Ijumaa mkuu wa shule alikuja. Mstari ukang'aa katikati ya kioo, umenyooka kabisa.

"Hongera, Madam," alisema. "Hitilafu ilikuwa nini?"

Madam Advera alinikabidhi bisibisi mbele yake, kwa heshima zote.

"Fundi Benjamini atakueleza," alisema. "Yeye anaijua hitilafu hiyo tangu Jumatatu."