Birika la Ng'ombe na Ngoma Mbili

Mjukuu wangu Joyness alipata kazi kwenye mradi wa maji pale Bariadi mjini. Alianza kwa matazamio, yaani unafanya kazi huku unakaguliwa kama ng'ombe wa mahari. Kazi yake ya kwanza ikaangukia hukuhuku kwetu Ngulyati: kujenga birika la kunyweshea ng'ombe. Nilifurahi sana, maana kiangazi sisi na ng'ombe tunategemea visima vilevile vya kuchimba kwenye mchanga wa mto, na ng'ombe hajui foleni.

Bosi wake aliitwa Bwana Dastan, mtu aliyehamia juzijuzi kutoka Morogoro, mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa hata kwenye vumbi letu. Alimpa Joyness sharti moja. Fundi hagusi sururu mpaka mkutano wa kitongoji ukubali, na wakuu wa kaya wafike zaidi ya nusu. Wasipofika, birika linapelekwa Lingeka, kule Meatu, wanakolililia, na Joyness anarudi kwangu kupukuchua mahindi.

Basi akaja nyumbani kuandaa kile alichokiita mpango wa mawasiliano na wadau. Alikaa jikoni kwenye kigoda, kompyuta mapajani. Mimi nilikuwa nakata viazi vitamu vya michembe, vile vipande vyembamba tunavyovianika juu ya mwamba mpaka vikauke.

"Bibi, mdau ni mtu yeyote anayeguswa na mradi," akaniambia.

"Basi ng'ombe ni mdau."

"Ng'ombe si mtu, Bibi."

"Atakayekunywa ni nani? Wewe?"

Akacheka, akaendelea kuchora jedwali lake. Kila mdau alipewa chumba chake: huyu ni nani, aambiwe nini, aambiwe na nani, kwa njia gani. Mwenyekiti akapata chumba. Akina mama wakapata. Wafugaji, katekista, mchungaji, wote wakapata. Akakwama penye njia ya kuwafanya watu waje. Mkutano wa mwisho, ule wa vyoo, walihudhuria mwenyekiti, mke wake, na mbuzi aliyefuata maganda ya ndizi.

"Weka ngoma," nikamwambia. "Luhaga aje na chatu wake. Msukuma hata akiwa mgonjwa, akisikia ngoma anapona mpaka iishe."

Akaandika: ngoma ya Luhaga. Akanisomea jedwali lote toka juu hadi chini, tukaona halina tundu.

Sasa nieleze kidogo. Wachezaji ngoma wa huku ni pande mbili, Wagika na Wagalu. Wanashindana siku moja, kwenye viwanja viwili vinavyotazamana, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna mwamuzi, miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Luhaga ni Mgika. Mimi ni Mgika. Joyness ni Mgika kwa sababu mimi ni Mgika. Jikoni mle hata paka alikuwa Mgika. Nani angetukumbusha Wagalu?

Siku ya mkutano Luhaga alitandika ngoma zake mbele ya ofisi ya kitongoji, akamtoa chatu kwenye gunia, na watu wakaja mpaka nikajipongeza. Bwana Dastan akashuka kwenye gari, akaangalia ule umati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Joyness akampa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akaanza, "birika letu..."

Ng'ambo ya njia ya mikokoteni ngoma nyingine ikalia. Du! Du! Alikuwa Malimi, kiongozi wa Wagalu, kwenye shamba lake la pamba lililokwisha kuvunwa. Ana kijana mmoja anayenyanyua kinu kwa meno, kinu kizima, na mahindi yakiwa ndani. Kinu kilipopanda hewani, nusu ya mkutano ikageuka. Kilipoanza kuzungushwa, nusu hiyo ikavuka njia.

"Babu Malimi!" Joyness akapaza sauti. "Tuna mkutano!"

"Mna mkutano ninyi," Malimi akajibu. "Sisi hatukualikwa. Mimi nacheza shambani kwangu. Au shamba nalo mmeliweka kwenye mradi?"

Wagalu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jirani yangu Nyanjige, Mgalu wa kufa na kuzikana, akanipungia mkono kutoka ng'ambo kwa makusudi kabisa.

Luhaga hakukubali kuaibishwa. Alitafuta jambo kubwa la kuwarudisha watu, akaona shingo ya mgeni rasmi. Kabla sijafumba macho, chatu alikuwa mabegani kwa Bwana Dastan.

"Usiwe na wasiwasi, mheshimiwa," Luhaga akamwambia. "Ameshakula."

Watu wakarudi mbio. Bwana Dastan akasimama wima kama nguzo ya umeme, midomo imefunguka. Ng'ambo nao wakaongeza kinu cha pili. Watu wakavuka tena. Luhaga akamfanya chatu ainue kichwa, watu wakarudi. Vumbi likawa kama la mnada. Wazee walioshindwa kukimbia, akina Thomasi, wakaketi katikati ya njia wakawa wanageuza shingo tu.

Nikamfuata Joyness. Macho yalishajaa machozi.

"Bibi, hawatulii. Mtendaji hawezi kuhesabu mtu. Birika linaenda Lingeka."

"Ng'wanawane," nikamwambia, maana yake mwanangu, "pumua kwanza."

Akapumua. Akawatazama watu wanavyovuka na kurudi, akajifuta kwa kanga yangu, akachukua kipaza sauti kilichokuwa kimeganda mkononi mwa bosi wake. Ilibidi avute kidole kimoja kimoja.

"Wagika!" akasema. "Ninyi nawaambia mahali. Birika litajengwa pale kwenye mkuyu ulioanguka, mbali na visima vya akina mama. Siku ya kuanza sitawaambia. Hiyo ni ya Wagalu peke yao."

Luhaga akaacha kupiga.

"Ya Wagalu kwa nini?" akauliza.

Joyness akamwacha na swali lake. Akavuka njia, akapiga goti mbele ya Malimi kama nilivyomfundisha.

"Mwadila, babu."

Mzee akisalimiwa hivyo mchana hawezi kugeuza uso. "Mwadila," Malimi akaitika kwa shingo upande. "Kwenye makaratasi yako Wagalu tupo chumba cha ngapi?"

"Hampo, babu. Tumekosea, mimi na bibi yangu."

Angeweza kunitoa mimi hapo, lakini haya basi.

"Nimekuja kuwaambia ninyi peke yenu siku ya kuanza," akaendelea, na akawaambia: Jumatatu baada ya gulio. "Mahali pa kujenga wanapajua Wagika."

"Wanapajua wao na sisi hatupajui?" Nyanjige akafoka. "Luhaga! Ni wapi?"

"Ni lini?" Luhaga akarudisha.

"Sema kwanza wewe!"

"Anza wewe!"

Wakasogeleana ili wabishane vizuri. Wagika wakatoka kwao, Wagalu wakatoka kwao, wote wakajikuta kwenye njia ya mikokoteni, na mkutano ukawa umetimia. Paschal, mtendaji wetu, akaruka juu ya mkokoteni.

"Wanaokubali birika, mikono juu!"

Luhaga akanyoosha. Malimi kuona hivyo, akanyoosha miwili. Wagika wote wakanyoosha miwili. Nyanjige akamnyanyua mjukuu wake naye akanyoosha. Thomasi akaongeza fimbo.

"Mkono mmoja kila kaya!" Paschal akalia. "Mzee Thomasi, fimbo haina kaya!"

Walipotulia akahesabu, nusu ikavukwa kwa mbali. Birika likabaki Ngulyati.

Ndipo tukamkumbuka Bwana Dastan. Alikuwa palepale. Luhaga alipomvua chatu, mheshimiwa alikaa chini na suruali yake nzuri.

"Joyness," akasema alipopata sauti, "kazi umeipata. Matazamio yameisha. Ila kwenye mpango wako ujao, mimi niwe mdau wa kubaki ndani ya gari."

Birika limekwisha kujengwa, refu, na ng'ombe wanaweza kunywa upande huu na upande ule. Jioni mimi husimama huku, Nyanjige husimama kule, na kila mmoja anahesabu wa kwake. Nyanjige anasema upande wa Wagalu wanakunywa wengi. Ni uongo. Tangu nianze kubeba chumvi kidogo kwenye pindo la kanga, hata ng'ombe wake wanakuja kwangu.