Mpaka Mgeni Rasmi Afike

Faudhia aliwadharau Makomando wa Mara tangu siku aliyojiunga nao. Kundi zima lilikuwa watu arobaini wa Musoma, Bunda na Butiama, watu wazima na ndevu zao, wanaopigana vita vya mtandaoni wakikimbia risasi za katuni, kisha wanaitana majenerali. Lakini walikuwa na kompyuta zenye nguvu, na Faudhia alizihitaji.

Kulikuwa na mashindano ya dunia nzima: unawaazima watafiti kompyuta yako, nayo inawafanyia hesabu za kutafuta dawa. Timu tano za kwanza ndizo zinazochagua ugonjwa utakaofuata kutafitiwa. Mdogo wake, Mwanahalima, alikuwa kitandani Bweri na selimundu yake, aking'ata mto kila maumivu yalipopanda. Kwa ajili yake Faudhia aliwabembeleza majuha wale wiki tatu, wakakubali. Kufika Ijumaa jioni walikuwa wa nne.

Hapo ndipo mwenyekiti, Baltazari wa Kabasa, alipokumbuka kwamba hawajafanya uzinduzi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumamosi asubuhi kompyuta zote zikazimwa, zikaletwa kwenye ukumbi mmoja Musoma mjini. Apolinary alitoka Butiama na yake imefungwa kamba nyuma ya bodaboda. Kulikuwa na keki, utepe, fulana za kundi na mshereheshaji. Faudhia alifika, akachomeka yake, akaiwasha.

"Dada, izime hiyo," Baltazari alisema.

"Mashindano yanaisha saa nane, mwenyekiti. Tuziwashe zote."

"Mgeni rasmi hawezagi kukuta kitu kimeshawashwa. Sasa yeye atazindua nini?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Faudhia, aliyewaona wote hao hawana akili hata ya kuazima, akaona haya kuonekana hana adabu. Akaizima.

Mgeni rasmi alifika saa tisa na nusu. Alisingizia majukumu, akakata utepe, akabonyeza kitufe, akapigiwa makofi na watu ambao mashindano yao yalikwisha wakiwa wanamsubiri. Walikuwa wa sita. Timu ya tano iliwazidi kidogo tu, kazi ya kompyuta moja kwa asubuhi moja.

Jioni Mwanahalima alijiinua kwenye mto.

"Tumeingia, dada?"

"Hatukuingia. Walizima kompyuta zote, wale wapumbavu, wakimsubiri mgeni."

"Na yako?"

Faudhia alimshika mguu uliokuwa ukimuuma, akaanza kuukanda.

"Nayo niliizima," alisema.