Sahani ya Nduwa

Kwanza niseme mapema: mimi umbea siwezi kukaa nao. Chuoni waliniita Redio. Kwa hiyo hili nililolificha tangu Novemba linanikaa tumboni kama jiwe.

Jumamosi pale Kibondo, mimi na Careen tulikuwa na kazi moja tu: kula kwa Mama Nduwa sokoni. Careen ni nesi, kwao Moshi. Mimi mwalimu, kwetu Same. Mshahara unachelewa, bili haichelewi, na kwa Mama Nduwa elfu moja na mia tano unapata ugali wa muhogo, maharage, samaki wa mgebuka wa kukaanga, na mchuzi unaongezewa bila kununiwa. Benchi refu, moshi, redio ya jirani, watu wa mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Nduta wanabanana na waendesha bodaboda. Raha tupu.

Mama Nduwa jina lake ni Immakulata. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kapata uraia hapa hapa. Mwanae Nduwayezu ndiye aliyekuwa anatuhudumia, mcheshi, anakula kwa mkono wa kushoto mpaka wateja wanamtania. Aprili ya mwaka huo huo akavuka mpaka kwenda Burundi kumwona bibi yake. Vurugu zikaanza kule. Mabasi ya wakimbizi yakaja, yakaja, yeye hamna.

Basi kila Jumamosi mama anampakulia. Sahani ya bati yenye maua mekundu, nyingine imefunikwa juu, mwisho wa benchi pasipokaliwa na mtu. Jioni anafunua.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nilitoka kusimamia mtihani nimechelewa. Sufuria tupu. Mama kaenda bombani, Careen hajafika, na mimi njaa inaniuma. Nikaiona ile sahani. Nikasema, jamani, si inamwagwa tu jioni? Nikala. Yote, mpaka kichwa cha samaki.

Mama Nduwa akarudi, akafunua. Nyie, sijawahi kuona mtu anaishiwa damu usoni vile. Ndoo ilimponyoka, maji yakaingia jikoni, moto ukazima.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nisamehe, njaa ilinizidi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akacheka. Akanikumbatia huku analia, na mimi nimesimama kama mlingoti, maana nimeiba chakula halafu nakumbatiwa.

"Mwana wanje," akasema, na hilo ndilo neno lao la mwanangu, "mtu aliye hai akiwa safarini chakula chake kinamsubiri. Kikikutwa hakijaguswa, yuko hai. Aliyekufa ndiye anakuja kula kimyakimya, kabla hajaenda. Umeniua na umenifufua."

Halafu akaniangalia tumbo. "Ila umekula cha msafiri. Hutashiba mpaka umrudishie kwa mkono wako."

Nikamsimulia Careen njiani, tukacheka mpaka machozi. Usiku ule nikala tena. Jumapili chapati sita. Jumanne nilimaliza makande ya sufuria nzima, na bado tumbo likawa kama debe, ukiligonga linaitika. Careen akanipima minyoo, akanipima sukari, hamna kitu. Alhamisi hakucheka tena.

Jumamosi iliyofuata, kwa Mama Nduwa, nikampakulia mwanae mwenyewe. Ugali, mgebuka mmoja, maharage. Nikafunika, nikaweka mwisho wa benchi, nikakaa pembeni, kiwiko changu kinagusa bati. Saa nane mchana, jua kali, watu wanakula, wanabishana mpira. Hakuna aliyesogea. Naapa, sikuondoa macho.

Mara nikashiba.

Hivyo tu. Nikacheua, na mdomoni ikaja ladha ya mgebuka, wakati tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu. Bati lililogusa kiwiko changu mwanzo lilikuwa la moto. Sasa lilikuwa baridi kama limetoka mtoni.

Nikainua kidogo, nikachungulia. Ugali ulikuwa umemegwa upande wa kushoto, vizuri, na alama ya dole gumba imebaki. Samaki kaliwa ubavu mmoja.

Furaha ilinijia kwanza, nisiseme uongo. Habari kubwa kama ile, mdomo ulishafunguka kumwita Mama Nduwa. Ndipo nikakumbuka alichosema kuhusu wanaokula kimyakimya.

Mama Nduwa alikuwa anakuja, anafuta mikono kwenye kitenge.

Nikatumbukiza mkono wa kushoto kwenye maharage, nikamega, nikajaza mdomo. Nilikuwa nimeshiba kiasi kwamba lile tonge lilipita kama matope.

Akasimama. Akaangalia sahani muda mrefu. Akaangalia ule upande uliomegwa.

"Asnath. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Njaa haijaisha."

"Tangu lini unakula kwa kushoto?"

"Wa kulia nimejikata. Na wembe."

Akanyoosha mkono, nikampa wangu wa kulia. Akaukunjua. Kiganja kizima, hakina hata mkwaruzo, kina chaki tu kwenye kucha. Kwenye redio ya jirani walikuwa wanatangaza vifo. Mama Nduwa akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, akaufunga mkono kama mtu anayefunga mlango taratibu.

"Pole," akasema. "Kitapona."

Kisha akageukia wateja wake, sauti juu kidogo: "Hajagusa. Yuko hai."

Careen akafika, akakaa. "Haya Redio, lete habari."

"Hamna jipya," nikamwambia.

Tangu siku ile Jumamosi nawahi kuliko wote. Mama Nduwa anampakulia, anafunika, anakwenda bombani hata kama ndoo imejaa. Mimi nafunua, nakula kwa mkono wa kushoto, ili sahani ikikutwa imeguswa iwe ni mimi; na ile njaa haijanirudia. Mpaka leo kila nikifunua, chakula ni kizima, kinatoa mvuke. Nduwayezu hajarudi tena kula.