Saa Iliyopimwa Ikiwa Imelala

Fundi Calist Mughwai alikuwa ametengeneza saa pale Itigi kwa miaka arobaini na sita. Saa aliilaza juu ya kitambaa, akainamisha sikio, akatoa hukumu. Kwa hiyo binti yake alipomletea mashine ya kupimia mapigo ya saa, aliiacha kwenye boksi miezi miwili.

Aliitoa siku Filipo alipokuja.

Zamani Filipo alikuwa akipiga king'ora cha zamu kwenye kinu cha alizeti, mpaka mwaka wa tisini na nane alipofukuzwa kwa kuchelewesha zamu. Alijitetea kwamba saa yake ndiyo iliyomdanganya. Tajiri wa kinu akampa Calist aipime. Calist aliilaza mezani siku tatu, akailinganisha na redio, kisha akatangaza mbele ya wafanyakazi wote: "Saa hii haina kosa. Anayechelewa ni mwenye saa." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na msemo ule ukazunguka mji mzima.

"Sijaivaa tangu siku ile," Filipo alisema, akiiweka mezani. "Mjukuu wangu Aneth anaitaka. Ioshe tu, Fundi. Usinihubirie."

"Nitaiosha, halafu mashine ikwambie, maana sikio langu hukuliamini."

Aliiosha, akaitia mafuta, akaibana kwenye mashine ikiwa imelala chali. Gurudumu dogo ambalo ndilo moyo wa saa lilicheza kushoto na kulia kwa upana wa nyuzi mia mbili na themanini. Mstari kwenye kioo cha mashine ulinyooka kama reli.

"Sekunde mbili tu kwa siku!" Calist alijigamba. "Kijana mzima huyu!"

"Na hizi picha za saa zilizosimama ni za nini?" Filipo alikuwa ameshika karatasi ya maelekezo.

"Mapambo hayo, bwana." Hata hivyo alizungusha kishikio mpaka saa ikasimama wima, kama inavyokaa kwenye mkono wa mtu anayetembea.

Mstari ukaporomoka. Nyuzi mia moja na thelathini. Dakika tano zinapotea kila siku.

Calist aliilaza tena: sawa. Akaisimamisha: ikaporomoka. Ncha ya mhimili wa gurudumu lile ilikuwa imelika ubavuni. Saa ikilala, gurudumu lilizunguka juu ya kichwa cha ncha, likacheza vizuri. Ikisimama, lilijikwaruza ubavu. Miaka yote hiyo alikuwa akipima saa zikiwa zimelala, na watu wanazivaa wakiwa wima.

"Inasemaje?" Filipo aliuliza.

Kioo kilimwelekea Calist peke yake. Alikitazama, akamtazama Filipo, kisha akaita kwa sauti iliyomtoka vibaya: "Martha! Njoo hapa!"

Martha, fundi cherehani wa chumba cha pili, akaingia na futi yake shingoni. "Vipi, Mzee? Filipo kachelewa tena?"

"Saa ndiyo iliyochelewa," Calist alisema, akimgeuzia Filipo kioo. "Dakika tano kila siku. Mimi ndiye niliyekosea. Kawaambie wote mliocheka nao."

Martha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mke wangu alikufa akijua nilikuwa nasinzia kazini," Filipo alisema. "Hata mimi mwishowe niliamini."

Calist akanyoosha mkono kuchukua bisibisi, lakini Filipo aliiwahi saa, akaivaa.

"Usiitengeneze kwanza. Nataka Aneth aione inavyochelewa."