Gari la Mkurugenzi na Machela ya Dada

Gari lile lilipoingia uani, hata waashi wa jengo la jirani waliacha kazi wakaegemea ukuta kulitazama. Lilikuwa jeusi, limeng'arishwa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake, na lilinguruma taratibu kama mtu mwenye nguvu anayejizuia. Sidanganyi, nililipenda. Fundi asiyesisimka mbele ya injini ya silinda nane na aache spana akauze mitumba. Lakini kulipenda ni jambo moja, na kumpakia mama mjamzito mlimani ni jambo jingine, na siku nzima nilishinda nikimweleza mkurugenzi wetu tofauti hiyo hadi koo likanikauka.

Shirika letu lina zahanati tano. Nne ziko kwenye njia nzuri. Ya tano iko juu kabisa mlimani, mwisho wa barabara ya mawe inayokatwa na mito mitatu isiyo na madaraja. Gari la wagonjwa la huko lilikuwa likihudumiwa na dada yangu wa tumbo moja, mkunga wa kule, hadi lilipokufa miezi miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyelizika: injini ilipasuka, chasisi ilikuwa imeliwa na kutu. Tangu siku hiyo, mama akishindwa kujifungua kule juu, huteremshwa kwa machela mabegani mwa watu, mwendo wa saa nne mpaka hapa chini. Dada hutembea ubavuni ameinua chupa ya dripu. Wiki iliyopita walimfikisha mmoja akiwa hajitambui. Yeye alipona. Mtoto hakuwahi.

Mwaka huu tulikuwa na fungu la gari moja. Moja tu. Kamati ilishachuja, yakabaki mawili. La kwanza ni la bati tupu, refu, lenye sauti ya mashine ya kusaga, ambalo tulilijaribu juma lililotangulia na mkurugenzi hakutoka hata ofisini kulitazama. La pili ni hili jeusi, ambalo lilikaa mwaka mzima kwenye kioo cha duka kwa maonyesho, sasa muuzaji alitaka kulitoa kwa bei ya lile la bati. Mkurugenzi aliliita bahati. Mimi niliona mtego, nikasema hivyo kikaoni, nikaambiwa nisubiri fomu.

Fomu ndiyo huamua kila kitu kwetu. Gari lenye alama nyingi hununuliwa, basi. Na fomu hiyo ilitungwa na idara ya manunuzi miaka ile walipokuwa wakinunua viti vya ofisini. Ilipofika zamu ya magari, walifuta neno "kiti" wakaandika "gari", wakaona kazi imekwisha. Je, gari linazunguka bila kukwama? Je, gari hupandishwa na kushushwa kwa urahisi? Je, mgongo wa mtumiaji umeegemea vizuri? Maswali sitini, na hakuna hata moja linalouliza mgonjwa atalala wapi. Nililalamika kwa barua mara mbili. Nilijibiwa kwamba fomu imeshapitishwa.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, suruali imembana, viatu vyeupe kama maziwa. Alituwekea masharti kabla hajatoa ufunguo. Gari lisitoke kwenye lami. Lisiguse matope. Na mimi, alisema akitazama mikono yangu, nisishike mapambo ya mbao yaliyo mbele ya dereva. Nikamuuliza kama gari la milimani haliruhusiwi kukanyaga mlima. Akasema litakanyaga likishanunuliwa.

Mkurugenzi aliendesha mwenyewe. Tulizunguka kwenye lami ya nyuma ya maghala, naye akakanyaga mafuta, gari likaruka mbele hata fomu ikanitoka mapajani. Alicheka kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani. Alibonyeza kitufe, gari likajiinua kwa pumzi za hewa. Akabonyeza tena, likashuka. Akaniamuru niandike alama kamili kwenye swali la kupandishwa na kushushwa, nami nikaandika, maana kwa kweli lilipanda na kushuka. Mgongo wake nao ulikuwa umeegemea. Kiti kilikuwa kinamkanda.

Tuliporudi uani nilimwonyesha matairi. Nilimweleza kwamba yale ni ya mbio za barabarani, membamba ubavuni, na jiwe moja la kule litayachana kama karatasi. Alisema natia chumvi. Tukafika swali la arobaini na moja, idadi ya magurudumu, yanatakiwa matano. Kwa mara ya kwanza fomu ile ya viti ilikuwa imeuliza jambo la maana kwa bahati mbaya. Nikafunua sakafu ya nyuma nikamwonyesha kwamba hakuna tairi la akiba, kuna chupa ya gundi na pampu ndogo kama ya baiskeli. Mkurugenzi alitafakari, kisha akaniagiza niandike matano, kwa kuwa hata usukani ni wa mviringo.

Nilihesabu moja hadi kumi. Nikarudia tena kuanzia moja.

Wakati huo dada aliingia uani akiwa na machela begani. Alikuwa ametoka kumfikisha mgonjwa hospitali, matope yamemfika magotini, na hakuketi. Alimwamkia mkurugenzi, akalitazama gari mara moja, akaomba kitu kimoja tu: machela iingizwe. Muuzaji alisema vyuma vitakwaruza ngozi. Dada akavua kitenge chake cha juu, akakitandika.

Tulilaza viti. Machela iliingia kwa kukingama, kichwa nyuma ya kiti cha dereva, miguu kwenye kona ya mlango. Mkurugenzi alitangaza kwamba imetosha. Nikamwambia machela imetosha, lakini mtu akilala miguu itabaki nje. Akasema mimi nimezoea kupinga kila kitu, na kwamba atanionyesha. Akavua koti, akanipa nilishike, akapanda, akajilaza chali.

Muuzaji alibonyeza kitufe. Mlango wa nyuma ulishuka kwa madaha, ukagusa viatu vya mkurugenzi, ukalia mara mbili, ukapanda. Akabonyeza tena. Ukashuka, ukagusa, ukalia, ukapanda. Mara ya tatu waashi walianza kuhesabu kwa sauti kutoka ukutani. Mkurugenzi akakunja magoti hadi yakakaribia kidevu, mlango ukafunga, na kutoka ndani tukaisikia sauti yake, nzito lakini imeridhika, ikisema kwamba mgonjwa atakunja magoti, kuna ubaya gani.

Nilishafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, tena yamepangana yenyewe, makali. Lakini dada alikuwa ameshaufungua mlango na kuinama.

"Mkuu, usiinuke," alisema. "Kaa hivyo hivyo. Sasa hapo barabara ni mawe, saa mbili nzima, na mtoto anataka kutoka. Nimwambie mama yake abane magoti?"

Dada akainama zaidi.

"Na mimi ninayempokea huyo mtoto, nitakaa wapi?"

Mkurugenzi aligeuza kichwa kulia, akakutana na ukuta wa gari. Akageuza kushoto, akakutana na mgongo wa kiti. Hakukuwa na pa kukaa hata kuku. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yule wa wiki iliyopita alikuwa na miaka mingapi. Dada akamwambia kumi na tisa.

Alitaka kutoka akashindwa, magoti yalikuwa yamekwama. Tulimvuta, mimi mkono mmoja, muuzaji mwingine. Alisimama uani akajikung'uta, akachukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Na kadiri vifungo vilivyofungwa ndivyo yule mkurugenzi tunayemjua alivyorudi. Alikohoa. Alisema kwamba jambo hili yeye alikuwa ameliona tangu mwanzo, alikuwa anatupima tu. Alisema fomu ina upungufu na anashangaa sisi mafundi hatukuwahi kuutaja.

Barua zangu mbili zilikuwa kwenye faili, juu ya meza yake, zina muhuri wa kupokelewa.

Dada alinikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya, alikanyaga kwa kisigino.

Mkurugenzi aliendelea kwamba atatia saini ya kununua lile la bati leo hii, ila fomu ieleze wazi ni nani aliyegundua. Akaninyooshea kalamu. Nilimtazama, nikaitazama kalamu. Tangu utotoni sijawahi kumvika mtu kilemba cha ukoka, na nyumbani wanalijua hilo, wameshanilipia faini ya mdomo mara nyingi.

"Andika, mdogo wangu," dada alisema polepole. "Kule juu yuko mmoja amebakiza wiki tatu."

Nikaiweka fomu juu ya boneti jeusi, muuzaji akafumba macho, nikaandika kwamba mkurugenzi, kwa uchunguzi wake mwenyewe, amegundua kuwa gari hili halifai kubeba mgonjwa. Aliisoma midomo ikichezacheza. Akanirudishia.

"Baada ya neno 'uchunguzi'," alisema, "ongeza 'wa kina'."

Nikaongeza. Akatia saini.