Muhtasari wa Saa Mbili na Nusu

Saa mbili na nusu asubuhi, muhtasari wa kikao cha saa nne ulikuwa tayari juu ya meza yangu, umechapwa, bado una joto la mashine. Ulisema kwamba jopo, baada ya majadiliano marefu, limeona mtahiniwa arudi uwandani kukusanya data upya, kwa kuwa chanzo kimoja katika sura ya nne hakiwezi kuthibitishwa. Mtahiniwa mwenyewe alikuwa kwenye benchi la korido, akimnyoosha mumewe kola ya shati kana kwamba mume ndiye aliyekuja kutahiniwa.

Nilikuwa katibu wa vikao katika kurugenzi ya masomo ya uzamili. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa majopo ya utetezi wa tasnifu, na jioni iliyotangulia alisimama mlangoni kwangu, funguo za gari mkononi, akaniambia la kuandika. Hakunong'ona. Ndivyo tulivyofanya kazi. Wajumbe ni watu wenye shughuli nyingi, uamuzi mgumu hupata maneno mazuri ukiandikwa kichwa kikiwa kimetulia, na likizuka jambo jipya kikaoni, mstari mmoja unarekebishwa. Katika miaka yote niliyokaa pale, sikumbuki mstari uliorekebishwa.

Tasnifu ya siku hiyo ilihusu jambo hilohilo.

Mtahiniwa huyo wanafunzi walimwita Mama Funguo. Alikuwa mlezi wa mabweni ya wasichana, na alitembea na pete ya chuma yenye funguo za vyumba vyote, ukamsikia kabla hujamwona. Alipojiandikisha kusomea shahada ya uzamivu katika utawala wa elimu ya juu, alikuwa ameshapata wajukuu. Watu walicheka. "Daktari wa funguo," mhasibu mmoja alisema kantini, kwa sauti ya kusikika. Yeye hakugeuza hata shingo. "Ndiyo, baba. Nikimaliza nitakufungua kichwa."

Swali lake la utafiti lilitoka bwenini. Mwaka mmoja aliitwa mbele ya kamati atoe maoni kuhusu kufungwa kwa bweni la zamani. Alizungumza, wakamshukuru, wakampigia makofi. Aliporudi alikuta vitanda vimeshapakiwa kwenye lori na dereva anamalizia kufunga kamba. Mtu mwingine angeandika malalamiko. Yeye alikwenda kuuliza ni wapi mtu husomea mambo ya namna hii.

Alipofika ofisini kwangu kunihoji, nilimkatalia kinasa sauti. Akakiweka mkobani, akatoa penseli. Kwanza alinisomea maelezo ya ridhaa, neno kwa neno: jina langu halitatajwa, wala cheo, wala kitu chochote cha kunitambulisha.

"Dada," nilimwambia, "cheo changu humu chuoni anacho mtu mmoja tu."

"Basi utakuwa Mhojiwa wa Saba. Na usiniite dada ukiwa unahojiwa, nitaona haya kukuuliza ya maana."

Aliuliza ya maana. Nami, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza, nilijibu: "Muhtasari huandikwa asubuhi, kikao hufanyika mchana." Aliandika, akanisomea, akaniuliza kama ndivyo nilivyosema. Nikakubali. Hakutabasamu, hakutikisa kichwa. Alihamia swali lililofuata.

Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo kisichothibitika.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Muda wake wa usajili uliisha mwisho wa muhula ule, na kurudi uwandani maana yake ilikuwa kufutwa. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyetunza tarehe hizo. Mwenyekiti alijua kwa sababu nilimpelekea. Akinitaja mimi, hoja dhidi yake inakufa palepale. Na mkataba wangu mpya wa kazi ulisubiri sahihi ya Mwenyekiti.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na glasi chini ya kitambaa, na feni iliyolia kila ikimaliza mzunguko. Mwenyekiti aliketi kichwani mwa meza. Mtahini wa nje, profesa mkongwe kutoka chuo kingine, alikuwa ameshikwa na mafua na kila mara alifuta pua kwa leso yenye mistari. Msimamizi wa tasnifu alikuwapo pia. Taratibu zetu zilimruhusu kukaa, hazikumruhusu kusema. Mimi nilikuwa pembeni na daftari la katibu.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha Mwenyekiti akafungua sura ya nne.

"Mama, huyu Mhojiwa wa Saba ni nani?"

"Ni wa saba kati ya waliohojiwa, Profesa."

Mtahini wa nje alicheka ndani ya leso.

"Hapa si bwenini," Mwenyekiti alisema. "Tuhuma nzito namna hii inataka jina. Au idara. Au jopo litalazimika kukurudisha uwandani, na unajua kalenda inasemaje."

"Naijua. Jina sitalitoa."

"Ahadi uliyompa huyo mtu ni yenu wawili. Sisi tunataka ushahidi."

"Ahadi ni sehemu ya ushahidi, Profesa. Watu husema kweli kwa sababu yake. Nikiivunja leo, wanafunzi wako wote watakaokwenda kuhoji kesho watadanganywa."

Mwenyekiti hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekata shauri, na nilianza: "Mwenyekiti, kuhusu hili—"

"Katibu, naomba maji," alisema Mama Funguo.

Kwa wakati wote niliomfahamu, hakuwahi kumtuma mtu kitu ambacho angeweza kukifikia kwa mkono wake. Jagi la maji lilikuwa mbele yake. Niliinuka, nikamimina, nikamsogezea glasi. Alisema chini chini, midomo haikusogea: "Kaa, mdogo wangu." Maji yenyewe hakuyagusa.

Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Kama sentensi hiyo inaleta shida, tuifute."

"Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba sura nzima."

"Haijabeba. Imepamba."

Mtahini wa nje aliweka leso mezani. "Ifute basi, mama. Halafu utetee kilichobaki. Mimi sina haraka, basi langu ni la jioni."

Mama Funguo alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi yangu katika nakala yake, akaifunga nakala na kuiweka kando. Aliyosema baada ya hapo aliyasema kwa mikono mitupu. Alikuwa ameweka tarehe za vikao upande mmoja, na upande wa pili tarehe za vitendo: tangazo la nafasi ya kazi lilitoka gazetini lini, mkandarasi aliingia getini lini, lori la vitanda lilijazwa mafuta lini. Kamati baada ya kamati, kitendo kilitangulia uamuzi. Hakumlaumu mtu. Alieleza ni mazingira gani huzaa tabia hiyo, ni kamati zipi hazikuwa nayo na kwa nini. Alipofika mahali ambapo data haikutosha, alisema, "Hapa sijui." Nimekaa katika majopo mengi kabla ya siku ile na baada yake. Sijamsikia mtahiniwa mwingine akisema asichokijua kwa sauti ileile anayosemea anachokijua.

Tulimwomba atoke ili jopo lijadiliane. Mlango ulipofungwa, Mwenyekiti alifanya alichokifanya kila mara mlango unapofungwa. Alifungua jalada lake, akatoa karatasi, akaitelezesha mezani kuelekea kwa mgeni.

"Katibu ameshatuandalia. Ni kutia sahihi tu."

Sidhani kama alifikiri. Mkono ulikuwa umezoea.

Mtahini wa nje alivaa miwani. "'Baada ya majadiliano marefu,'" alisoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Majadiliano yapi? Mimi ndio kwanza namaliza kupenga kamasi."

"Ni rasimu tu, Profesa."

"Nimeona. Katibu, rasimu hii umeichapa saa ngapi?"

Feni ilimaliza mzunguko, ikalia. Mwenyekiti aliendelea kuitazama ile karatasi.

"Saa mbili na nusu asubuhi," nilisema.

"Na kikao kimeanza saa ngapi?"

"Saa nne."

Alivua miwani. "Mama wa watu amehangaika miaka kutafuta mfano, kumbe ninyi mnauhifadhi kwenye jalada." Msimamizi, ambaye hakuruhusiwa kusema, alikohoa kwa muda mrefu kuliko hata mwenye mafua.

Majadiliano yalifanyika, na safari hii yalikuwa marefu kweli. Saa nane kasoro robo tulimwita ndani. Alifaulu, kwa marekebisho madogo. Mtahini wa nje aliagiza pia kwamba sentensi ya Mhojiwa wa Saba irudishwe, kwa kuwa ilikuwa nzuri na sasa hakuna aliyeipinga. Mama Funguo alishukuru, akauliza kama agizo hilo ni sharti au ushauri. Akaambiwa ni ushauri. Nje, mumewe alisimama kabla hajaambiwa matokeo, akampokea mkoba.

Muhtasari niliuandika baada ya watu kutoka. Niliweka saa ya kuanza, saa ya kumaliza, waliohudhuria na uamuzi. Mwenyekiti aliusoma mara mbili akiwa amesimama, akatia sahihi. Mkataba wangu aliusaini wiki iliyofuata.

Tasnifu iliyojalidiwa iliingia maktaba kabla ya muhula kufungwa. Niliichukua siku hiyohiyo, nikaisoma sura ya nne kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sentensi yangu haimo.